Kambi ya familia bila simu, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wazazi wa Arusha, Moshi na vitongoji vyake wanaotaka kulala porini na watoto usiku mmoja au miwili, simu zikiwa zimezimwa. Maswali ni yale ninayoulizwa na majirani, mashemeji na wazazi wenzangu wa shule. Sikuyapanga kwa uzito wake, nimeyaacha yalivyokuja.

Kupiga kambi si mambo ya wazungu?

Hapana. Wazee wetu walilala kwenye vibanda vya shambani msimu wa mahindi kuyalinda na ngedere na nguruwe pori. Vijana wa Kimaasai na wa Kiarusha bado wanalala malishoni na ng'ombe. Skauti wetu wanapiga kambi kila mwaka. Kilichotoka nje ni hema la nailoni, na hilo unaweza kuliazima. Watu wanasafiri siku nzima kwa ndege kuja kuuona Mlima Kilimanjaro ambao sisi tunautazama tukianika nguo, na wapo watoto wa Moshi wanaomaliza darasa la saba bila kuwahi kukanyaga msitu wake. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimekaa kuandika haya yote.

Kwa nini tuzime simu kabisa? Si tungeenda nazo tukazitumia kidogo tu?

Kwa sababu hiyo "kidogo" haishikiki. Hebu fikiria simu yako inafanya kazi gani kwa siku. Ni saa, ni tochi, ni kamera, ni pochi, ni ramani, ni redio. Wengine Biblia au Kurani yao imo humo humo, na adhana pia. Unaitoa mfukoni kuangalia saa tu, unakuta ujumbe, unaujibu, mtoto anakuona, naye anaomba ya kwake. Hakuna aliyevunja ahadi kwa makusudi, ila jioni imekwisha kila mtu ana skrini usoni.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hamjaondoka, kila kazi ya simu ipewe mrithi. Saa ya mkononi kwa mtu mzima mmoja, ambayo pia itawaamsha na kuwakumbusha swala. Tochi za kichwani au za mkononi, moja kwa kila mtu, pamoja na betri za akiba. Kitabu cha sala cha karatasi. Fedha taslimu kidogo za njiani. Njia muichore kwenye karatasi au muulize vizuri mapema. Ukishafanya hivyo, mkono hauna sababu ya kwenda mfukoni. Familia nyingi zinazoshindwa huwa zina nia nzuri tu. Kilichokosekana ni tochi.

Faida nazo zimechunguzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapeleka watu wazima 8 kambini milimani kwa wiki moja. Mwanga wao ulikuwa jua na moto wa kuni tu, bila taa wala simu. Saa ya ndani ya miili yao ilitangulia kwa muda wa saa mbili hivi, yaani mwili ulijiandaa kulala mapema zaidi kuliko walipokuwa nyumbani. Mwaka uliofuata, wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), walichapisha matokeo ya watoto 51 waliokaa kambini siku tano bila skrini yoyote. Waliporudi walikuwa wameongeza uwezo wa kusoma hisia kwenye sura za watu kuliko wenzao waliobaki na simu zao. Hayo ni ya Marekani na makundi yenyewe ni madogo, lakini mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto kwenye moto hatashangaa.

Tuanze na watoto au na sisi wazazi?

Na nyinyi. Hapa sina njia ya katikati. Mtoto akinyang'anywa tableti huku baba yake anakwenda "kuangalia gari" kila nusu saa, atajua. Simu za watu wazima ndizo ziingie kwenye mfuko mmoja mwanzo, mbele ya watoto, tena kwa sauti: "Naizima mpaka Jumapili jioni." Halafu mfuko huo ufungwe uwekwe kwenye buti la gari. Mtoto akiona hivyo hana la kubishia.

Mama mkwe anaumwa kijijini. Nikizima simu, nikitafutwa je?

Usikose simu kabisa. Zima yako kubwa, beba kitochi. Kile kisimu cha vitufe cha bei ndogo, chaji siku kadhaa, hakina WhatsApp wala video, kinatosha kabisa. Weka laini moja, namba mpe mtu mmoja tu wa kuaminika nyumbani, dada au kaka, na mwambie wazi: piga kwa ugonjwa, msiba au moto, mengine yasubiri. Kitochi kiwe wazi, sauti juu, kwa mtu mzima mmoja, na watoto wote wajue kilipo. Kwenye kipande cha plasta nyuma yake andika namba za dharura: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, na ya zahanati au hospitali iliyo karibu na mnapokwenda.

Msiifanye siri. Simu iliyofichwa huzua maneno kati ya mke na mume, na watoto huhisi wamedanganywa. Kabla ya kuweka vitu chini, jaribu kitochi hapo hapo kambini. Kama mtandao hausomi, ulizia kwa askari wa hifadhi au mwenye eneo ni wapi unasoma.

Biashara yangu yote iko WhatsApp. Wateja watakimbia.

Nenda Jumamosi asubuhi, rudi Jumapili jioni. Tangu Jumatano weka kwenye status kwamba oda za wikendi zitajibiwa Jumatatu. Kama wewe ni wakala wa fedha za simu au una duka, laini ya kazi ibaki kwa msaidizi dukani. Usije nayo porini. Mteja anayekuheshimu husubiri siku mbili. Asiyesubiri ana haki yake, na mimi ningekubali kumpoteza huyo kwa ajili ya usiku mmoja na wanangu.

Kijana wangu wa miaka 15 amekataa kata kata.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wazazi wengi wanalichukulia kama utovu wa nidhamu. Kama kijana wako anasoma bweni, kumbuka kwamba muhula mzima hana simu, shuleni hairuhusiwi. Kwake likizo ndiyo nafasi pekee ya kuchati na marafiki waliotawanyika Rombo, Karatu na Dar es Salaam. Sasa wewe unakuja na habari njema kwamba na likizo utaichukua simu. Ana sababu ya kukasirika, na umwambie kwamba unaielewa sababu yake.

Baada ya hapo mpatane. Usiku mmoja au miwili, tarehe inajulikana wiki mbili kabla, na siyo wikendi ya kwanza ya likizo. Apate muda wa kuwaaga wenzake. Mruhusu aje na rafiki mmoja, kwa idhini ya wazazi wa huyo rafiki. Kisha mpe kazi ya mtu mzima, siyo ya kutumwa maji. Awe mkuu wa moto: achague mahali, apange mawe, awashe, azime usiku kwa maji na udongo mpaka mkono wake wazi ukigusa majivu usihisi joto. Au awe dereva wa njia, yule anayeshika ramani ya karatasi na kumwambia baba yake akate kona wapi. Nimeona kijana aliyekuja amenuna, shuka la Kimaasai limemfunika mpaka masikio, akaacha kununa pale kuni mbichi zilipogoma kuwaka na watu wazima wakamgeukia yeye. Alizichana vipande vyembamba kwa kisu, akatafuta gome kavu, akapuliza amelala kifudifudi. Hakuna aliyemhubiria chochote.

Usimdanganye kwamba "huko hakuna mtandao". Atafika, atakuta upo, na hatakuamini tena.

Wadogo je? Watachoka, watalia wanataka katuni.

Watalia jioni ya kwanza, hasa kati ya saa kumi na kuingia giza, muda ule ule waliozoea televisheni. Uwape kazi za mikono muda huo: kumenya ndizi, kuchambua maharage, kugonga vigingi vya hema kwa jiwe. Ifahamike pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili mpaka minne linasema isizidi saa moja kwa siku. Kwa hiyo mdogo hanyimwi haki yake yoyote.

Michezo mnayo tayari. Mdako unahitaji kokoto na shimo dogo tu. Rede inahitaji mpira wa soksi. Kombolela chezeni kabla ya giza, na mipaka iwekwe wazi. Usiku ni wa vitendawili na hadithi, na hapo babu au bibi akiwepo mmepata. "Kitendawili!" "Tega!" "Popote niendapo ananifuata." Mtoto wa miaka mitano akiwa na tochi mkononi ataligundua jibu mwenyewe, kivuli chake kinapopanda kwenye ukuta wa hema kikubwa kuliko cha baba.

Waandaeni kwa sauti za usiku. Kwenye misitu ya Meru na Kilimanjaro yupo perere, mnyama mdogo wa jamii ya pimbi anayeishi mitini, mwili wake kama wa sungura. Usiku hulia kwa mkoromo unaopanda na kuishia kwa ukelele, na asiyemjua atadhani mtu anakabwa. Waambieni watoto mchana, waigizeni sauti, ili usiku wakimsikia waseme "ni perere" badala ya kuruka kwenye hema lenu.

Twende wapi?

Kwa mara ya kwanza kabisa, nyuma ya nyumba yenu au ya babu kijijini. Ninamaanisha. Hema likivuja, mlango wa jikoni uko hatua kumi.

Mara ya pili, kwa watu wa Arusha ningesema Ziwa Duluti, pale Tengeru, unaingia kutoka barabara ya Moshi. Ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, njia ya miguu inalizunguka, na mtoto wa miaka sita anaimaliza. Maji ni ya kina kirefu, watoto wasiachwe ukingoni peke yao.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mnaingilia njia panda ya Usa River. Simba hawapo, lakini nyati, twiga, mbega weusi wenye mikia meupe na chui wapo, kwa hiyo kutembea ni pamoja na askari mwenye silaha. Maziwa ya Momella yalitokea pale ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulipoporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na maji yakajaa kwenye mashimo ya kifusi kile. Waonyesheni watoto mlima wenye mita 4,562 ukiwa umepasuka upande mmoja, kisha muwageuze waone heroe (flamingo) wamesimama ziwani. Somo la jiografia la mwaka mzima limo kwenye kichwa kugeuka mara moja. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu, na kwa kawaida mnapewa namba ya malipo. Maliza hilo nyumbani kabla hujazima simu, uchapishe risiti, na mbebe vitambulisho vya taifa kwa sababu viingilio vya raia ni nafuu sana.

Watu wa Moshi wana Marangu na Materuni, ambako baadhi ya wenyeji hukubali mpige hema kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, katikati ya migomba na mibuni, kwa makubaliano. Fikeni mchana, wasalimieni wazee kwanza, shikamoo zote, ndipo mzungumze bei. Chemchemi za Chemka ni pazuri kuogelea ila wikendi pana watu na muziki. Pafanyeni pa kupitia tu.

Wengine huuliza mahali pasipo na mtandao ili wasishawishike. Msitegemee hilo. Tangu Agosti 2022 hata Kilimanjaro kuna intaneti ya kasi pale kituo cha Horombo, mita 3,720. Mnara hautawaamulia, mtaamua nyinyi nyumbani.

Miezi gani inafaa?

Likizo ya Juni ni kavu lakini ina baridi. Usiku wa Juni na Julai pale Momella, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, unadai blanketi mbili na soksi. Januari na Februari kuna joto na anga safi. Machi hadi Mei ni masika, barabara za udongo zinateleza, acheni. Desemba inawezekana, ila mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinamalizia.

Angalieni na mwezi. Watoto wanaoogopa giza waende kwenye mbalamwezi. Waliokwisha kuzoea waende mwezi ukiwa mchanga, waone nyota. Jua kwetu huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo hata mdogo atazikuta nyota kabla ya usingizi. Desemba, giza likishaingia, tafuteni Kilimia upande wa kaskazini mashariki, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho wakulima walikitazama kujua msimu. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Mwezi wa Juni geukeni kusini mtaona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini.

Tubebe nini?

Hema la kuazima, turubai, mkeka, mablanketi ya nyumbani, tochi, sufuria mbili, kisu, kiberiti kwenye mfuko mkavu, sanduku la huduma ya kwanza, dawa ya mbu na jembe dogo. Mtungi mdogo wa gesi ni bora, kwa sababu kuokota kuni ndani ya hifadhi hairuhusiwi; moto uwe pale tu palipotengwa. Kumbukeni mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi pakieni kwenye vikapu, na takataka zote zirudi nanyi.

Chakula kiwe cha kawaida. Makande yaliyochemshwa nyumbani na kupashwa pale, ndizi na nyama, chai ya maziwa yenye tangawizi. Porini watoto hula mara mbili ya nyumbani, ongezeni.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata kama baridi inauma, hata kama mkaa unaonekana umekufa. Hewa ya mkaa haina harufu, na inaua familia nzima usingizini. Mkisikia baridi, vaeni nguo zote mlizonazo mlale mmebanana.

Nyoka, siafu, wanyama?

Siafu ndio watakaowasumbua zaidi. Kabla ya kupiga hema zungukeni eneo mtazame chini. Mkiona mstari wao unapita, hamieni kwingine, msibishane nao. Zipu ya hema ifungwe muda wote. Chakula kilale ndani ya gari, kwa sababu nyani na tumbili wanajua kufungua kapu. Usiku mtoto asiende msalani peke yake, na tochi imulike mbali kabla ya hatua ya kwanza: macho yakiwaka, rudini ndani.

Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, kiungo kisitikiswe, pete na viatu vivuliwe, na mkimbizeni hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Maji ya mto tukichemsha si yanatosha?

Kwa vijidudu, ndiyo. Lakini maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, ile inayofanya meno ya watu wetu kuwa ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Inazidi kukolea maji yanapopungua. Bebeni maji ya kunywa na kupikia kutoka nyumbani au ya dukani. Ya mto yawe ya kuoshea vyombo.

Hatutapiga hata picha moja?

Mkiwa na kamera ya kawaida, pigeni. Mkiwa hamna, pigeni picha moja ya familia asubuhi ya kuondoka nyumbani, kabla simu hazijazimwa, basi. Wape watoto daftari wachore. Mchoro wa twiga mwenye miguu sita utakaa ukutani kwenu miaka mingi.

Mwenzangu hataki kabisa kuzima ya kwake.

Zungumzeni wawili, watoto wasiwepo. Mara nyingi kuna sababu: deni, bosi, ndugu mgonjwa. Mkiijua sababu, kitochi kinaweza kuitatua. Kama haitatuliki, ahirisheni tarehe. Kwenda huku mmegombana ni kuwapa watoto usiku mbaya.

Tukirudi, simu tunawasha lini?

Baada ya kushusha mizigo, watoto kuoga, na hema kuanikwa. Hema likikunjwa na unyevu huota ukungu, na la kuazima litakuletea lawama. Ukishawasha, anza na namba zilizopiga, halafu ujumbe wa mtu mmoja mmoja. Magrupu yaache mpaka Jumatatu.